Pikipiki kwenye kona za milimani: mwendo wako unaishia wapi?

Tukitaja neno "afya" wengi wenu mnafikiria malaria, kichocho, UKIMWI na mimba za utotoni. Sawa kabisa. Lakini taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema hivi: kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko kitu kingine chochote duniani. Siyo mbu, siyo kirusi. Kwa watu wa rika zote, ajali hizo huua karibu watu milioni 1.19 kila mwaka. Ndiyo maana gazeti la afya leo linaingia kwenye habari za gia na breki.

Hatutazungumzia kila kitu. Tutachukua kipande kimoja tu: pikipiki kwenye kona na miteremko. Na mfano wetu utakuwa Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, kwa sababu pale kuna kila aina ya njia inayoweza kumfundisha mtu somo hili, au kumwadhibu.

Mji wa Kilosa uko chini, kando ya mto Mkondoa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi milima ya Ukaguru na Rubeho imesimama, vilele vyake vikipita mita 2,000. Vijiji viko huko juu, mazao yanatoka huko juu, wanafunzi wengine pia wanatoka huko juu, na njia nyingi ni za udongo na changarawe. Ukienda kusini unapita Ulaya (Ulaya ya Kilosa, siyo ile ya kupanda ndege) hadi unafika Mikumi. Hapo unakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Kipande chake cha kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kimenyooka, hatari yake ni wanyama na upepo wa malori. Lakini ukishaupita mji wa Mikumi kuelekea Iringa, mambo yanabadilika: barabara inaanza kujikunja kwenye mlima Iyovi, inashuka hadi Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, halafu inaupanda mlima Kitonga. Na barabara hiyo unaigawana na malori yanayokwenda Zambia na Kongo.

Huenda wewe huna pikipiki. Haidhuru. Kama siyo dereva, basi ni abiria, au una kaka anayeendesha bodaboda, au baba amenunua pikipiki ya shamba na kila jioni unaikodolea macho. Jambo moja liwe wazi kabla hatujaendelea: mwanafunzi asiye na leseni haruhusiwi kuendesha pikipiki barabarani, hata kama ni ya baba, hata kama ni hadi kisimani tu. Somo hili siyo leseni.

Kwa nini kona inamtupa mtu nje?

Ukweli ni kwamba kona haimtupi mtu. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo inataka kwenda moja kwa moja. Hii ni kanuni ya kwanza ya Newton, mmeisoma (najua Fizikia mnasoma kwa Kiingereza, lakini kani ni ile ile). Kinachoigeuza pikipiki ni msuguano kati ya tairi na barabara. Sasa kunja kiganja chako kidogo ukitazame. Sehemu ya tairi inayogusa lami ni ndogo kama hivyo. Tairi mbili, viganja viwili. Hicho ndicho kinachokushikilia wewe, abiria wako na gunia la mkaa mlilofunga nyuma.

Msuguano huo ni kama pesa ya matumizi. Tuseme umepewa shilingi elfu moja. Unaweza kuitumia yote kwa kufunga breki. Unaweza kuitumia yote kwa kukata kona. Lakini ukikata kona kali na hapo hapo ukabana breki kwa nguvu, unataka kutumia elfu mbili wakati mfukoni una elfu moja. Tairi inateleza. Mara nyingi ni ile ya mbele, na tairi ya mbele ikiteleza hakuna muda wa kufanya lolote, unajikuta tu uko chini.

Na kona ina hesabu mbaya. Ukizidisha mwendo mara mbili, msuguano unaohitajika kukugeuza kwenye kona ile ile hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwa hiyo kijana anayesema "jana nilikata kona hii na 40, leo nijaribu 60 tu" hajui kwamba hiyo "tu" ni zaidi ya mara mbili ya mzigo kwa tairi zile zile.

Ndiyo maana madereva wenye uzoefu wanamaliza breki kabla ya kona. Pikipiki ikiwa bado imesimama wima na barabara imenyooka, unapunguza mwendo, unarudisha gia inayofaa, halafu unaingia. Ndani ya kona unashika mafuta kidogo, sawasawa, bila kuvuta na bila kuachia ghafla. Ukianza kuona njia imenyooka tena, ndipo unaongeza. Anayeingia haraka na kutarajia kupunguza mbele ya safari amelipanga jambo hilo kinyume.

Usiende haraka kuliko macho yako

Kama utasahau mengine yote kwenye ukurasa huu, shika hili moja. Mwendo wako kwenye kona usiamuliwe na ubora wa pikipiki, wala haraka ya abiria, wala uzoefu wako wa njia. Uamuliwe na umbali unaouona. Lazima uweze kusimama ndani ya barabara unayoiona kwa macho yako sasa hivi.

Tuipige hesabu, maana wengi wanabishana wakiwa hawajaipiga. Mtu mwenye akili timamu, asiyelewa na asiye na usingizi, anahitaji kama sekunde moja kutoka kuona hatari hadi breki kuanza kushika. Kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo moja inakula mita 8. Kwenye 60 inakula mita 17. Bado hujapunguza chochote!

Halafu inakuja breki yenyewe. Kwenye lami kavu, tairi nzima na dereva anayejua, ukiwa na 30 unahitaji mita nyingine 6 hivi. Jumla mita 14. Ukiwa na 60 unahitaji mita 23 za breki. Jumla mita 40. Umeona? Mwendo umezidi mara mbili tu, umbali umekaribia mara tatu.

Hiyo ni lami kavu tambarare. Sasa njoo kwenye njia ya changarawe inayoshuka kutoka milimani kuja Kilosa. Changarawe inapunguza nguvu ya breki karibu nusu, na mteremko nao unaipunguza tena. Kwenye mteremko wa wastani wenye changarawe, dereva wa 30 anasimama baada ya mita 26 hivi. Yule wa 60 anahitaji mita 86. Uwanja wa mpira wenyewe una mita 100 na kidogo! Na kona za milimani mara nyingi hazikuoneshi hata mita 30 mbele. Kwa hiyo yule wa 60, kama nyuma ya kona kuna ng'ombe, au lori limeharibika na utingo ameweka matawi barabarani, ameshagonga kabla hajaanza kuomba.

Je, utajuaje kona inabana au inafunguka, wakati mwisho wake huuoni? Kuna mbinu nzuri ambayo haihitaji kifaa chochote. Tazama mbele mahali ambapo ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia wa barabara vinaonekana kukutana. Hapo ndipo barabara inapopotea machoni. Ukiendelea na safari, itazame sehemu hiyo. Kama inakukimbia, kona inafunguka. Kama inabaki pale pale, au inakuja kwako, kona inabana: punguza sasa, siyo baadaye. Unaweza kujifunza hili hata ukiwa abiria ndani ya basi. Safari moja tu kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni, ukikaa kiti cha mbele, utaliona mara nyingi hadi ulizoee.

Na macho yenyewe yaelekee unakotaka kwenda. Pikipiki hufuata macho. Anayelikodolea macho korongo kwa hofu, mikono inampeleka huko huko. Geuza kichwa, tafuta njia ya kutokea.

Lori liko upande gani?

Hapa kwetu tunaendesha kushoto, na kona ya kushoto na ya kulia hazifanani.

Kwenye kona ya kulia, ukizidisha mwendo unatoka nje kushoto: korongo, mtaro au ukuta wa mlima. Baadhi ya madereva hukwepa hilo kwa kukata kona, yaani wanabana katikati ya barabara. Hawakumbuki kwamba pikipiki ikilala kulia, magurudumu yanaweza kuwa upande wako lakini kichwa chako kiko upande wa pili wa mstari, kinamsubiri anayekuja.

Kwenye kona ya kushoto, ukizidisha mwendo unaingia upande wa wenzako. Na hapo ndipo malori marefu yanapokuwa hatari zaidi. Lori lenye trela linapopinda, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, yanakata ndani. Kwa hiyo lori linalokuja mbele yako kwenye kona yako ya kushoto (ambayo kwake ni ya kulia) linaweza kuwa na kichwa upande wake na mkia upande wako. Kwenye kona kali ya upande mwingine, dereva wa lori hutanua kwanza ili trela lipite, na hapo kichwa kinaingia upande wako. Hafanyi kwa dharau. Chombo chake hakigeuki bila hivyo.

Vitabu vya wenzetu wa nje hufundisha mwendesha pikipiki asogee karibu na mstari wa kati kwenye kona ya kushoto ili aone mbali zaidi. Kwa barabara ya Iyovi na Kitonga, yenye malori mfululizo, siwezi kumshauri kijana afanye hivyo. Kaa katikati ya upande wako: usiuguse mstari, na usiende ukingoni kabisa kwenye mchanga na vipande vya tairi. Kona imejificha? Piga honi. Usiku honi haitoshi, washa na kupunguza taa ili mwanga utangulie.

Kulipita lori linalopanda polepole kuna majaribu yake. Linatoa moshi, linakwenda kama mtu anayetembea, na nyuma yako wenzako wanapiga honi. Usilipite kwenye kona, wala karibu na kilele cha mlima. Pia usimfuate mwenzako aliyepita. Yeye alipita akiwa na nafasi, wewe unaipita nafasi iliyokwisha. Na usikae mgongoni kwa lori: likirudi nyuma hata kidogo dereva wake hakuoni. Kama huvioni vioo vyake vya pembeni, naye hakuoni wewe.

Mteremko na tamaa ya mafuta

Kuna tabia ya kuzima injini kwenye mteremko, au kuweka gia huru, ili "kubana mafuta". Mafuta ni ghali, hatukatai. Lakini injini yenye gia ndogo ni breki isiyochoka. Kanuni ya wazee wa barabarani ni kwamba mlima ulioupanda na gia ya pili, ushuke na gia ya pili. Ukiiondoa injini, kazi yote inabaki kwa breki.

Breki zinafanya nini hasa? Zinabadilisha mwendo kuwa joto. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya nyuma inayobana ndani ya habu ya gurudumu, mahali ambapo joto halitoki upesi. Ukikanyaga bila kuachia kwa kilomita kadhaa, vinavyobana vinapata moto hadi vinaanza kuteleza. Mguu unakanyaga, pikipiki haisikii. Ukiwa na abiria na mzigo, joto linaongezeka. Basi kanyaga, punguza hadi mwendo mdogo kuliko unaouhitaji, achia breki ipoe, kisha kanyaga tena. Ukianza kusikia harufu ya kuungua au kanyagio limekuwa legevu, simama mahali salama, kaa chini ya mti, ngoja. Hakuna aibu yoyote.

Breki ya mbele inaogopwa na vijana wengi kwa sababu "inapindua". Hiyo ni nusu ya ukweli. Kwenye lami kavu, pikipiki ikiwa wima, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, na asiyeitumia anasimama mbali sana. Ibane polepole kisha ongeza, usiikabe kwa ghafla. Kwenye changarawe, tope, au pikipiki ikiwa imelala, iwe nyepesi sana, na ya nyuma ifanye kazi zaidi.

Mvua inahitaji neno lake. Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ni mbaya kuliko mvua yenyewe, maana vumbi na mafuta yaliyomwagika vinageuka utelezi. Kwenye milima ya malori, dizeli humwagika hasa kwenye kona za kupanda. Ukiona rangi rangi za upinde wa mvua juu ya lami, pita wima na bila breki. Kwenye njia za udongo wa mfinyanzi huko juu, mvua kubwa ikinyesha dereva mwenye busara anaegesha. Ukivuka maji, breki zikilowa hazishiki. Zibane kidogo kidogo ukiwa unakwenda taratibu hadi zikauke.

Na tairi. Tairi yenye kipara kwenye tope haina tofauti na kandambili iliyolika kisigino.

Kikomo chako siyo kikomo cha mwenzako

Utawasikia vijana kijiweni: "Fulani anashuka ule mlima kwa dakika kumi." Hilo linakuhusu nini? Fulani amelala vizuri, wewe umeamka saa kumi alfajiri. Fulani ana miaka minane barabarani, wewe una miezi miwili. Au Fulani ana bahati tu, na bahati haikopeshwi.

Kikomo cha mtu kinabadilika hata ndani ya siku moja. Njaa inakipunguza. Usingizi unakipunguza. Baridi ya asubuhi milimani inafanya vidole vigande, na kidole kilichoganda kinachelewa kubana breki. Pombe na bangi, hizo hazihitaji maelezo marefu: ile sekunde moja tuliyoihesabu inarefuka, na mtu mwenyewe anajiona yuko imara kuliko jana. Isitoshe, sehemu ya ubongo inayopima hatari inaendelea kukomaa hadi mtu anakaribia miaka 25. Siyo tusi kwa vijana, ni maumbile. Maana yake ni kwamba ukiwa na miaka 17, hatari inaonekana ndogo kuliko ilivyo, hasa marafiki wakiwa wanatazama.

Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye msafara. Harusi, mazishi, mapokezi ya kiongozi: pikipiki hamsini, honi, wengine wamesimama juu ya viti. Anayekuwa nyuma anajikuta anakwenda na mwendo wa aliye mbele, si mwendo wake. Ukiona unaachwa, achwa. Unajua msiba uko kwa nani, utafika.

Utajuaje umevuka kikomo? Dalili zipo, na zinakuja kabla ya ajali. Mikono imekakamaa kwenye usukani. Unafunga breki ndani ya kona mara kwa mara. Kila kona inakushtukiza. Umeugusa mstari wa kati bila kutaka. Dalili moja ikitokea, punguza. Ikirudi, simama upumzike.

Wewe uliyekaa nyuma

Bodaboda zilianza kutambuliwa rasmi kama usafiri wa kukodi kwa kanuni za mwaka 2010, na kanuni hizo zinaruhusu abiria mmoja. Mmoja! "Mishikaki" ya watatu na wanne, ambayo wanafunzi mnaipenda kwa sababu mnachangiana nauli, milimani ni balaa. Uzito ukienda nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye kupanda dereva anageuza usukani bila pikipiki kugeuka.

Abiria naye anaendesha, asipojua. Pikipiki ikilala kulia kwenye kona, tulia, lala nayo. Anayejivuta upande wa pili kwa hofu anamsukuma dereva nje ya kona. Shika kiuno cha dereva au chuma cha nyuma, miguu iwe juu ya vikanyagio, na ndama ya mguu ikae mbali na bomba la moshi. Makovu ya kuungua kwa bomba hilo yapo kwenye miguu mingi mno.

Dada zetu, hili linawahusu zaidi. Kukaa upande kwa sababu ya sketi au kanga kunaonekana ni heshima, lakini kwenye kona huna cha kushikilia, na nguo inayoning'inia inanaswa na cheni au spoki. Vaa suruali ya michezo ndani ya sketi ya shule, kaa ukitazama mbele, nguo umeikusanya. Mwalimu au mzazi anayekukataza, muoneshe ukurasa huu.

Na una haki ya kusema. Wengi mnanyamaza kwa sababu dereva ni mkubwa, au amekupa lifti. (Kuhusu lifti za bure na kinachodaiwa baadaye, hilo ni somo jingine, na mnalijua.) Maneno yanaweza kuwa ya adabu na yakawa magumu vilevile:

"Kaka, shikamoo tena. Naomba upunguze mwendo kidogo."

"Usiogope dogo, hii njia nimeizoea, nipo hapa kila siku."

"Najua umeizoea kaka, ila lori linalokuja halijakuzoea."

"Tutachelewa, shauri yako."

"Nitachelewa mimi. Kama haiwezekani nishushe pale dukani, nauli ya hadi hapo nakulipa, nitatembea."

Dereva wengi wakisikia "nishushe" wanapunguza, maana hakuna anayependa kupoteza nauli. Asipopunguza, shuka kweli.

Kofia ngumu

Utafiti uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008, ulionesha kwamba kofia ngumu inapunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia iliyofungwa kidevuni, siyo iliyotundikwa kwenye usukani, wala ile ya mafundi ujenzi. Ikutoshe: ukitikisa kichwa isizunguke yenyewe. Abiria wengi wanaikataa kwa kuogopa fangasi na jasho la watu. Hofu hiyo ni ya kweli na dawa yake ni rahisi, beba kitambaa safi cha kuvaa ndani. Kofia iliyowahi kugonga chini kwenye ajali imeshamaliza kazi, hata kama haina ufa.

Ukikuta ajali

Kwanza zuia ajali ya pili: weka matawi mbali kabla ya kona, pande zote mbili, na mtu wa kupunga nguo. Piga simu 112. Usimnyanyue majeruhi mikono na miguu kama gunia. Shingo ikiwa imevunjika, kumbeba hivyo kunaweza kumpooza maisha. Kama anapumua, usimvue kofia kwa nguvu. Shikilia kichwa kisiyumbe, bana kwa kitambaa safi panapotoka damu, na umfunike asipate baridi. Kama lazima asogezwe, watu wanne au watano wamsogeze pamoja akiwa amenyooka, juu ya ubao au mlango, kisha apelekwe hospitali iliyo karibu, ya wilaya Kilosa au ya Mtakatifu Kizito Mikumi. Aliyegonga kichwa akainuka na kusema "mimi mzima" naye aende. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole, na kutapika, usingizi mzito au kuchanganyikiwa saa chache baadaye ni dalili mbaya.

Kazi ya kufanya kikundi

1. Nendeni uwanjani na futi kamba. Pimeni mita 14, mita 40 na mita 86 kutoka mahali pamoja, na kila mahali asimame mtu. Mmoja wenu ajifanye dereva, aseme: kwenye kona za njia yenu ya kuja shule, anamwona yupi kati ya hao watatu?

2. Dereva anashuka mteremko wenye changarawe kwa kilomita 40 kwa saa. Breki zinampunguzia mita 2 kwa sekunde kila sekunde, na anahitaji sekunde moja kabla ya kufunga breki. Atasimama baada ya mita ngapi? Tumieni v² = u² + 2as.

3. Chagueni wawili waigize mazungumzo ya abiria na dereva, lakini safari hii dereva ni kaka yako wa kuzaliwa na pikipiki ni ya baba. Je, maneno yanabadilika?

Jibu la swali la 2: mita 42 hivi.